Sita kwa Sita

Ndugu msomaji, mimi ninaona vizuri sana. Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo ninaloambiwa kila ninapolalamika, nami sitaki nishtakiwe kuwa nimelificha. Nikisimama mlangoni mwa duka langu la nyuzi na vifungo, jirani na Mtaa wa Congo, Kariakoo, nasoma tangazo lililobandikwa ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara, pamoja na yale maandishi madogo ya chini yenye namba ya simu. Nikipimwa kwa ubao wa herufi napata sita kwa sita, jicho la kulia na la kushoto. Kabla ya mwaka 2018, bila miwani, nisingeweza kumtambua mke wangu akiwa upande wa pili wa chumba, ila kwa sauti yake.

Macho hayo hayo yanaoona vizuri ndiyo yanayoniuma. Si maumivu ya kumfanya mtu apige yowe. Ni maumivu ya kuamka saa tisa usiku, ukafumbua jicho, ukahisi kope linabanduka kama plasta juu ya kidonda. Ni feni. Ni kiyoyozi cha benki, ambacho kimenifunza kusubiri nje na kumwomba mlinzi aniite zamu yangu ikifika. Ni moshi wa mishkaki jioni, ni gunia la pilipili kavu likishushwa begani mwa mchukuzi, ni mwanga wa saa saba mchana ukipiga kwenye vioo vya magari. Msimu wa kaskazi, upepo unapokuwa mkavu na vumbi la ujenzi limetanda juu ya Kariakoo nzima, kuna siku nafunga duka saa nane na kulala chali gizani na kitambaa kibichi usoni, mtu mzima na akili zangu, nikisubiri jua lizame.

Operesheni iliyonifikisha hapa, kwa mujibu wa jalada langu, ilifanikiwa. Ugomvi wangu ni na neno hilo.

Kliniki yenyewe sitaitaja. Ningeitaja, msomaji angesema: ahaa, ni wale, basi nitakwenda kwa wengine. Neno ninalogombana nalo halikai katika mlango mmoja. Nilivaa miwani tangu darasa la tano, mwaka 1990, na kila shule niliyosoma niliitwa "macho manne" kabla sijaitwa jina langu. Nilipokuwa na miaka 39 niliona tangazo: waage miwani, dakika kumi na tano, hakuna maumivu. Nililipa fedha ambazo zingetosha kununua pikipiki mbili. Asubuhi ya operesheni, nikiwa nimekwisha tiwa matone na nimevalishwa kofia ya kitambaa, sista aliniletea karatasi nne zilizobanwa pamoja, zote za Kiingereza, akaniwekea kidole mahali pa kutia saini. Nilimwuliza zinasema nini. Alisema, "Ni utaratibu tu, baba." Nikatia saini.

Hapa naomba nikueleze kilichofanyika ndani, maana mimi mwenyewe nilikuja kukifahamu miaka miwili baadaye, jambo ambalo ni aibu kwangu na kwa wengine.

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ile angavu kama kioo cha saa, inaitwa konea. Unene wake ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, ndiyo sababu inang'aa, lakini imejaa nyuzi za fahamu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mungu aliyapanga hivyo kwa hekima yake: punje ya mchanga ambayo ingekaa mkononi bila kuhisiwa ikiingia jichoni tu mtu hupiga kelele, akajifuta, akanusurika. Katika operesheni inayoitwa LASIK, daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, karibu sehemu ya tano ya unene wake, akauacha umeshikilia upande mmoja kama jalada la kitabu. Huufunua. Mwale wa leseri hupunguza nyama iliyo chini yake ili kubadilisha umbo, kisha utando hufunikwa tena. Ni kazi ya ajabu, wala sisemi hivyo kwa kejeli.

Lakini ukikata utando umezikata na zile nyuzi. Hilo si ajali, wala si uzembe wa daktari. Ndiyo operesheni yenyewe. Nyuzi huota tena polepole, kwa miezi na miaka, na kwa watu wengi huota vya kutosha, nao hawajui hata kama zilikatwa. Hata hivyo wapo watu waliopimwa kwa hadubini miaka mitano baada ya operesheni, na wingi wa nyuzi zao ulikuwa haujarudi ulivyokuwa. Kwa wachache nyuzi huota vibaya. Zinapeleka habari za moto mahali ambapo hapana moto. Na zikiendelea kupeleka habari hizo kwa muda mrefu, ubongo wenyewe huzoea kuzipokea, hata siku ambayo jicho limenyamaza.

Mtu aliyekatwa mguu kwa ajali anaweza kulalamika kwamba kidole cha mguu ule usiokuwepo kinamuuma. Hilo siku hizi hakuna daktari anayelicheka. Lakini jicho lipo, linang'aa, linasoma herufi, na kwa hiyo mwenye nalo anaonekana mwongo.

Nimekwenda kwa madaktari watano. Wanne walinilaza kidevu kwenye ile mashine ya taa, wakatazama, wakasema kwa namna moja au nyingine: "Jicho lako ni zima." Mmoja akaongeza, kwa upole kabisa, "Punguza mawazo." Nilikuwa na mawazo, ni kweli. Nilikuwa na mawazo kwa sababu macho yaliniuma. Aliyafuata mawazo mpaka mwisho wake akayaita mwanzo.

Mazungumzo na mwingine nayakumbuka neno kwa neno.

"Daktari, macho yanachonyota."

"Yanauma?"

"Yanachonyota. Kama mtu aliyemenya pilipili halafu akajifikicha."

"Kwa hiyo yanauma."

Akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya maumivu, na mbele yake alama ya kuuliza.

Tazama umaskini huo, na sisi si maskini. Kiswahili kina kuuma, kina kuchoma, kuwasha, kuchonyota, kukereketa, kukwaruza, kupwita, kuvuta, kuwaka moto. Bibi yangu asiyejua kusoma angeniuliza ni lipi kati ya hayo, saa ngapi, na linazidi wakati wa upepo au wakati wa jua. Na maswali hayo si ya kupoteza muda! Daktari anayejua maradhi haya huuliza hayo hayo. Jicho linalokwaruza asubuhi na kutulia adhuhuri lina habari yake. Linalochoma kwa mwanga na upepo tu, na mashine haioni kitu, lina habari nyingine. Mgonjwa alikwisha kusema ugonjwa wake kwa lugha fasaha. Ulipotea njiani, kati ya mdomo wake na kalamu ya daktari.

Watetezi wa operesheni hii wana hoja, na hoja yao ni ya hesabu. Wanasema wanaoridhika ni wengi mno. Ni kweli. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilifanya utafiti ulioitwa PROWL pamoja na wizara ya ulinzi na taasisi ya macho ya nchi ile. Sehemu moja ya watu walikuwa askari wa jeshi la majini, sehemu ya pili raia. Zaidi ya 95 katika kila 100 walisema wameridhika na macho yao. Natoa hesabu hiyo bila kupunguza hata mmoja.

Lakini utafiti huo huo, uliochapishwa miaka kumi na zaidi baada ya watu mamilioni kukwisha kukatwa, uliuliza jambo ambalo kabla yake liliulizwa kwa nadra: ulimwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa faragha, bila daktari wake kusimama juu ya kichwa. Kati ya waliokuwa hawana dalili zozote za ukavu wa macho kabla ya operesheni, karibu watatu katika kila kumi walikuwa nazo miezi mitatu baadaye. Na kati ya waliokuwa hawaoni miduara kuzunguka taa, wala miale, wala vivuli, zaidi ya wanne katika kila kumi walianza kuona kimojawapo. Wengi wao walipata nafuu kadiri muda ulivyopita, na wengi waliridhika hata hivyo. Sawa. Lakini jambo linalowapata watatu katika kumi haliwezi kuitwa "nadra", na mimi ndilo neno nililoambiwa. Mdomoni, si katika zile karatasi. Karatasi, nilipozisoma baadaye kwa kamusi, zilisema zaidi kidogo.

Wala si mimi wa kwanza kupiga kelele. Mwezi wa Aprili mwaka 2008 FDA iliitisha kikao cha hadhara, na wagonjwa wenye macho kama yangu wakasimama mmoja mmoja wakaeleza. Mwaka 2011, Morris Waxler, aliyewahi kuwa ofisa wa FDA na kushiriki katika kuidhinisha mashine hizo miaka ya 1990, aliiandikia mamlaka yake ya zamani akiiomba iondoe idhini. Haikuondolewa. Julai 2022 mamlaka ilitoa rasimu ya mwongozo ikitaka mgonjwa aelezwe waziwazi, kabla ya kukatwa, juu ya ukavu, juu ya maumivu, juu ya kuona mambo mawili mawili, na apewe orodha ya mambo ya kupima moyoni kabla ya kukubali. Wapo madaktari waliokasirika, wakasema itawatisha watu.

Itawatisha watu! Mimi nafanya biashara Kariakoo, mahali ambapo jina lenyewe tulilitengeneza kutokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, wale wapagazi wa vita vya kwanza, na ambapo watu wa nje hudhani kila mtu ni tapeli. Nenda kanunue balbu katika duka lolote la umeme mtaani kwetu. Kabla hujatoa fedha, kijana ataichomeka kwenye soketi, itawaka, utaiona kwa macho yako. Kisha utaandikiwa risiti, na chini yake kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili imechapwa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Huo ni uungwana wa muuza balbu ya shilingi elfu mbili. Hajakutisha. Amekueleza sharti la biashara kwa lugha yako, kabla mkono wako haujatoka mfukoni.

Konea nayo hairudishwi. Onyo lake mimi niliwekewa ukurasa wa tatu, kwa lugha ya watu wengine, matone yakiwa yamekwisha kuingia jichoni.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo ninapoumia kuliko jichoni. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Tulipiga makofi, na tulistahili kupiga. Mwizi wa kuku sasa ana haki ya kusomewa shtaka, kusikiliza ushahidi na kupokea hukumu kwa lugha anayoielewa. Mwaka huo huo UNESCO ikatangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tukapiga makofi tena. Lakini mtu asiye na kosa lolote, anayekwenda kukatwa jicho kwa fedha zake, anatia saini karatasi asiyoweza kuisoma, na saini hiyo ndiyo itakayotolewa siku atakapolalamika: si ulikubali? Hiyo si ridhaa. Ridhaa ni mtu kujua anachokikubali. Saini iliyotiwa kwenye kitu usichokijua ni sawa na dole gumba lililochovywa wino na mkono wa mwingine.

Najibiwa kwamba maneno ya kitabibu hayana Kiswahili. Ni uvivu. Nimekwisha kukueleza, ndugu msomaji, konea ni nini, nyuzi zake hufanywa nini, na hatari yake ni ipi, na sikuhitaji zaidi ya nusu ukurasa. Mimi muuza vifungo.

Labda nieleze pia hasara inayoletwa na mgonjwa kuambiwa kuwa ni mzima, maana haishii kwenye moyo wake kuvunjika. Mtu akiambiwa hana kitu na huku anaumia, atakwenda kujitibu. Mimi nilikwenda. Dukani kwa dawa, si mbali na kwangu, nilieleza shida yangu nikauziwa kichupa cha matone. Siku ya pili wekundu ukapungua, nikambariki yule dada. Nilikitumia, kikaisha, nikanunua kingine, miezi minne. Ndani yake mlikuwa na steroidi. Daktari aliyekuja kunipima baadaye alikuta presha ya macho imepanda. Dawa za namna hiyo, zikitumiwa muda mrefu bila kupimwa, zinaweza kukuletea upofu wa presha na mtoto wa jicho. Ningeweza kuyapoteza macho yenye sita kwa sita kwa kuyatibu ugonjwa nilioambiwa sina. Wapo wenye bahati mbaya zaidi, wanaopata matone ya ganzi. Hayo hutuliza papo hapo, kwa dakika chache. Ukiyarudiarudia nyumbani yanaila konea yenyewe.

Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, Wizara ya Afya ilitangaza na kuwaonya watu wasijitibu. Kariakoo nzima ilivaa miwani ya jua. Kwa wiki chache nilifanana na wenzangu kwa mara ya kwanza, nami nakiri nilifarijika. Halafu walipona wao. Mwezi wa tatu nilikuwa bado na miwani myeusi, wateja wakasimama mbali na meza, wakinitupia fedha kama mtu anayemlisha mbwa mkali. Kijana wangu wa dukani akaandika kwa kalamu nene kwenye boksi: BOSI HAAMBUKIZI. Alitaka kulitundika mlangoni. Nilimkataza, lakini tulicheka sana.

Daktari wa tano alikuwa mwanamke wa makamo, katika hospitali ya umma, siku ya foleni ndefu. Alinitazama kwa mashine kama wenzake, akaona kile kile: jicho safi. Hakusema ni zima. Alisema, "Baba, nitakutia tone moja la ganzi hapa hapa, unieleze maumivu yanakwenda wapi." Akatia. Kwa muda kama wa kuhesabu ishirini jicho la kulia likanyamaza, kimya kabisa, kimya ambacho sikuwa nacho tangu mwaka 2018. La kushoto lilipungua tu, halikunyamaza. Nilianza kulia pale kitini, naye akaniacha nilie.

Kisha akanieleza. Maumivu yanayoondoka kwa ganzi yanatoka juu ya jicho, kwenye zile nyuzi. Yanayobaki yamekwisha kuhamia ndani, kwenye njia za fahamu na ubongo. Mimi nilikuwa na yote mawili. Jicho moja lilihitaji kulindwa na kulainishwa: machozi ya bandia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, miwani ya kuziba pembeni, na ikibidi matone yanayotengenezwa kwa majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa lile lingine alinipa dozi ndogo ya amitriptilini, dawa ya zamani ya wenye huzuni, ambayo hutumika pia kutuliza mishipa ya fahamu iliyochanganyikiwa. Alinieleza mapema kwamba nitaona jina lake na kudhani ananiita mwenye mawazo. "Sikuiti hivyo," alisema. "Macho yanakuuma."

Sijapona. Nimepata nafuu ya kulala usiku, na kwa mwezi nafunga duka mapema mara mbili au tatu badala ya mara kumi. Kipimo alichotumia kilikuwa tone moja, ambalo kila kliniki ya macho nchini inalo, kwa kuwa ndilo linalotumika kupima presha ya jicho. Wale wanne wa kwanza walikuwa nalo kwenye trei, umbali wa mkono. Walichokosa ni dhana kwamba mgonjwa anaweza kuwa anasema kweli.

Msomaji asinielewe vibaya akadhani napinga visu na leseri. Shangazi yangu alitolewa mtoto wa jicho akiwa na miaka 71, akafunguliwa bandeji asubuhi, akamwona mjukuu wake wa miaka mitatu kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe huyu ni mweusi kama babu yake!" Mtu anayetoka gizani hana haja ya kupimiwa hatari kwa mizani ya dhahabu, akikataa, anabaki kipofu. Mimi sikuwa kipofu. Nilikuwa na ugonjwa uliokwisha kupata dawa yake, nayo ilikuwa juu ya pua yangu, imeshikwa na skrubu mbili. Ndiyo maana anayeniuzia operesheni nisiyoihitaji ana deni kubwa zaidi la kunieleza kuliko anayemfungua macho shangazi yangu. Naona mambo yanakwenda kinyume: kwa shangazi walikaa na familia nzima nusu saa, na mimi niliyelipa nilipewa kidole cha kunionyesha mahali pa saini.

Ninachodai si kikubwa. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na apewe mgonjwa aende nayo nyumbani, siku kadhaa kabla. Neno maumivu liandikwe ukurasa wa kwanza. Na jalada lisifungwe kwa sita kwa sita. Baada ya miezi sita na baada ya mwaka mgonjwa aulizwe, kwa lugha yake, macho yanakufanyaje, na jibu lake lihesabiwe. Kama sisi tulio na jibu baya ni wachache kama wanavyosema, hesabu hiyo haitawagharimu kitu.

Jirani yangu wa meza, kijana anayeuza makava ya simu, ana miwani minene kama chini ya chupa ya soda. Amekuwa akiweka akiba kwa ajili ya operesheni, naye alikuja kuniuliza. "Shikamoo, mzee. Hivi nifanye au nisifanye?" Sikumwambia asifanye, macho ni yake na akiba ni yake. Nilimwandikia maswali kwenye kisanduku cha vifungo. Macho yangu ni makavu kabla ya kukatwa, mmeyapima? Kati ya watu mliowakata, wangapi walikuwa bado wanaumwa baada ya mwaka, na mliwauliza? Nikiumwa na mashine isione kitu, mtanitibu vipi? Naweza kuichukua fomu nyumbani?

Alirudi baada ya wiki mbili. Walimwuliza hayo maswali kayatoa wapi, lakini fomu walimpa. Ni ya Kiingereza, kurasa nne. Jioni ile tulikaa nyuma ya duka na kamusi yangu, feni imezimwa kwa ajili yangu, tukaitafsiri mstari kwa mstari kwenye daftari la hesabu. Tulifika ukurasa wa tatu saa mbili usiku. Sentensi ya maumivu ilikuwa moja, katikati ya nyingine kumi na moja. Aliisoma kwa Kiswahili chetu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaisoma tena.